Nauli Kwanza, Waridi Baadaye

Popote unaponisikiliza, iwe Voi mjini, Mwatate, Taveta, au kule juu Mwanda ambako saa hizi pengine sweta imeshavaliwa na moto umeshakolezwa jikoni, karibu. Leo siasa nimeipumzisha. Bei ya mbolea nayo nimeiweka kando, na barabara nitaigusa kidogo tu kwa sababu haikwepeki. Nataka tuzungumze juu ya tarehe 14 Februari, Siku ya Wapendanao, na jinsi mtu wa Mwanda anavyoweza kumwandalia mwenzake siku ambayo ataikumbuka kwa wema.

Najua kuna mzee aliyekwisha kunyoosha mkono abadilishe stesheni. Subiri kidogo, mzee wangu. Hoja yako naijua: hii ni desturi ya wageni. Ni kweli. Valentino anasemekana aliuawa Roma katika karne ya 3, na habari za kumhusisha na wapendanao zikaja kuandikwa Uingereza katika karne ya 14, zaidi ya miaka elfu moja baadaye. Tena Kanisa Katoliki lenyewe liliitoa sikukuu yake katika kalenda ya kanisa zima mwaka 1969. Kwa hiyo hakuna padri, chifu wala mwalimu anayekushurutisha. Lakini hapo ndipo palipo na nafuu yetu: siku isiyo na mwenyewe unaweza kuipanga unavyotaka, na hata kuihamisha.

Tuanze na waridi, maana bila waridi watu wanaona sikukuu haijatimia. Kenya ni miongoni mwa wauzaji wakubwa wa maua duniani. Waridi linakatwa Naivasha, linapozwa, linapelekwa Uwanja wa Jomo Kenyatta, na kabla ya tarehe 14 limeshafika Uholanzi na kuuzwa. Safari ni ndefu, lakini baridi ya ndege inalitunza. Sasa hilohilo lipeleke Mwanda. Litoke Nairobi kwa basi, kilomita zipatazo 330 hadi Voi. Lishuke, lingoje matatu ya Wundanyi ijae. Lizunguke kona za kupanda kutoka Mwatate, libadilishe gari, kisha lipakwe vumbi, kwa sababu Februari kwetu ni kiangazi: vuli imekwisha, masika bado. Barabara ya Bura kupandia Mghange mnaijua wenyewe, sina la kuongeza. Ua hilo likifika limechoka kuliko aliyelibeba.

Na hata likifika likiwa zima, kilicho adimu kwetu milimani ni mtu mwenyewe. Tangu reli ipite Voi mwishoni mwa karne ya 19, Taita imekuwa ikiwatoa watu wake kwenda kutafuta riziki mbali. Kuna walioshuka kwenye mkonge wa Mwatate, kuna wa bandarini Mombasa, kuna wa ofisi za Nairobi, kuna wanaochimba vito upande wa Kasigau, na siku hizi kuna mabinti zetu Saudia na Qatar. Nyumba nyingi za Mwanda zina mmoja aliye nyumbani na mmoja aliye kwenye simu. M-Pesa ilipoanza Machi 2007 ilituondolea shida ya kumpa dereva wa basi bahasha na kumwomba Mungu. Lakini imetuzoesha uvivu mmoja: mtu anatuma shilingi elfu mbili asubuhi ya tarehe 14, anaambatisha kopa tatu nyekundu, anajihesabu amesherehekea. Zile elfu mbili zinafika dukani saa nne, zinalipa deni la unga na sukari, na hadi saa tano hakuna aliyependwa zaidi ya mwenye duka.

Kwa hiyo nasema wazi: katika bajeti ya siku hii, shilingi ya kwanza ni ya nauli. Ikibaki ya pili, tutaona.

Tuchukue mfano. Tuseme yuko Baba Watoto, mlinzi wa ghala Miritini, Mombasa. Mama Watoto yuko Mwanda: ana kabichi, ana ng'ombe mmoja, ana watoto watatu, na mama mkwe anaishi nao. Sikuwachora kutoka nyumba ya mtu. Ukijiona humo, uniwie radhi. Baba Watoto anataka kufanya jambo. Afanyeje?

Kazi yake inaanza Januari, ile Januari ndefu ya karo na sare. Huo ndio wakati wa kuomba ruhusa kazini, kabla wenzake hawajaiomba. Akinyimwa tarehe 14, aombe tarehe 20, au hata 27. Mama Watoto hatamdai cheti cha tarehe. Nimewasikia wanaume wakisema, "Nilikosa siku yenyewe, basi nikaacha." Hapo ndipo ulipo umuhimu wa yale niliyosema ya Valentino na kalenda: kama kanisa lenyewe liliweza kumwondoa, na wewe unaweza kumsogeza wiki moja.

Tena kusogeza huko wakati mwingine ni lazima. Mnakumbuka mwaka 2024? Tarehe 14 Februari iliangukia Jumatano ya Majivu. Wakatoliki wetu, na Taita tunao wengi, walikuwa na majivu kwenye paji la uso na mfungo tumboni, huku hoteli zikitangaza mishikaki ya wapendanao. Mwaka 2018 ilikuwa vivyo hivyo. Mwaka 2027 tarehe hiyo itakuwa Jumapili ya kwanza ya Kwaresima, na kwa ndugu zetu Waislamu wa Voi, mwezi ukiandama kama unavyotarajiwa, watakuwa ndani ya Ramadhani. Kwa hiyo mume wa Voi anayetaka kumpeleka mkewe chakula cha mchana siku hiyo afikirie mara mbili. Futari waliyoiandaa pamoja itampendeza zaidi. Kumpenda mtu ni pamoja na kujua anafunga lini.

Sasa simu. Kabla ya kukata tiketi, Baba Watoto ampigie mkewe. Na hapa naomba mnisikilize vizuri, maana wengi hupotea hapa. Ukimwuliza mama wa Mwanda, "Unataka zawadi gani?" atakutajia kitu cha watoto. Viatu vya shule. Madaftari. Akijitahidi sana atasema sufuria. Si kwamba hana haja zake. Amezoea kujiweka mwisho wa foleni, na swali lako limemkuta hukohuko mwisho. Badilisha swali. Mwulize: "Siku nitakayokuja, ni kazi gani hungetaka kuigusa?" Atacheka kwanza. Halafu atakwambia. Maji. Kuni. Kukamua saa kumi na moja alfajiri. Jibu hilo ndilo orodha yako ya zawadi, na halina gharama ila mgongo wako.

Wapo watakaosema nimeharibu mambo, eti mapenzi ni kushtukiza. Runinga imetufundisha hivyo: mtu anatokea ghafla na puto na keki, mwenzake analia kwa furaha. Njoo Mwanda bila taarifa uone. Utamkuta mama wa watu amefunga kichwa kitambaa kikuukuu, gambuti zimejaa matope ya zizini, na nywele alikuwa amepanga kusuka wiki ijayo. Atafurahi, ndiyo, lakini moyoni atakulaumu kwa kumwonyesha hivyo mbele ya majirani. Mpe taarifa. Mpe siku mbili za kusuka, na umtumie pesa ya msusi kando, iwe na jina lake, isichanganywe na ya unga. Hayo ya kushtukiza yabaki kwenye kitu kidogo kilicho mfukoni.

Na wale wa kupiga magoti sokoni mbele ya umati na simu zikirekodi, mimi siwaungi mkono. Mtu akiulizwa swali kubwa mbele ya watu mia, jibu analolitoa ni la umati.

Safari yenyewe, basi. Baba Watoto anaishi Miritini, na kituo cha treni ya Madaraka cha Mombasa kiko hukohuko. Treni hiyo ilipoanza kubeba abiria mwaka 2017, Voi ilipata kituo chake, na ile ya asubuhi inayosimama vituo vya njiani inamshusha mapema. Achukue boda hadi steji, apande matatu ya Wundanyi. Asije akapoteza saa mbili Voi akisalimiana na marafiki kwenye meza za chupa, maana magari ya kwenda juu hayamngojei mtu. Akichelewa Wundanyi atapanda probox, wanne nyuma, wawili mbele pamoja na dereva, na mtoto wa watu juu ya paja lake. Ushauri wangu ni afike siku moja kabla, jua likiwa bado juu. Anayefika usiku wa manane akiwa amechoka na kuondoka kesho yake saa nane amekuja kulala tu.

Amefika. Kesho ndiyo siku. Ng'ombe hajui Valentaini, kwa hiyo saa kumi na moja alfajiri Baba Watoto ashike ndoo mwenyewe. Kama amesahau kukamua, mtoto mkubwa amwonyeshe. Achemshe chai, ampelekee mkewe kitandani, na hapo nawaomba mama wakwe wote wa Taita wanisamehe. Najua jambo hilo litazungumzwa. Mwana wa mtu kubeba kikombe mbele ya mama yake! Ndiyo sababu nasema mama mkwe asiachwe nje ya mpango. Yeye apelekewe kikombe chake kwanza, aulizwe usingizi ulikuwaje, apewe blanketi au shuka jipya la kujifunika jioni. Mama aliyeheshimiwa asubuhi atawaruhusu jioni mtoke, na watoto atabaki nao. Nyumba zetu hazina milango mingi. Bila ridhaa ya mama, mtoko wa watu wawili utageuka safari ya watu saba.

Na chakula? Hapa kuna mtego. Mwanamume ananunua kuku wa kienyeji, anamleta kwa mbwembwe, halafu anaketi. Anayemchinja ni nani? Anayemnyonyoa? Na kimanga cha kumlia kuku huyo kinapondwa na nani? Ukimwona mwanamke amepinda mgongo juu ya sufuria siku unayosema ni yake, ujue unasherehekea wewe. Pika mwenyewe, hata kama ni wali na maharagwe. Ukishindwa kabisa, zungumza na jirani umlipe, na umlipe vizuri. Kimanga kitamu hata kikipondwa na mkono wa kiume. Mimi nimekila na nikaomba tena.

Baada ya kula, watoke wawili. Kwetu Mwanda tumejaliwa kitu ambacho watu wa Nairobi wanalipia pesa nyingi: mahali pa kukaa juu na kutazama mbali. Upande wa magharibi milima inaachia ghafla, na chini yake ni nyika inayoelekea Tsavo Magharibi. Anga ikikubali, Kilimanjaro unajitokeza jioni. Mnaweza kusema, "Tumeuona tangu utotoni." Mmeuona mkiwa na jembe begani. Mara ya mwisho kuketi na kuutazama ilikuwa lini? Wenye nguvu ya miguu na nauli ya ziada waende Ngangao, ule msitu mdogo kati ya Wundanyi na Werugha. Ni mabaki ya misitu ya mawingu iliyokuwa ikifunika vilele vyetu, na ndani yake wamo ndege wasiopatikana popote pengine duniani ila milima ya Taita. Wazungu wanavuka bahari kuja kuwatazama. Sisi tunapita kando ya msitu tukiwa na magunia.

Wengine wataniuliza kuhusu mbuga. Voi iko mlangoni pa Tsavo Mashariki, hifadhi tangu 1948, na ni kweli wengi wetu hatujawahi kuingia. Mkitaka kwenda, jipangeni: hamruhusiwi kwa miguu wala kwa boda, malipo ni kwa eCitizen na pesa taslimu hazipokelewi langoni, na vitambulisho msivisahau mkatozwa bei ya wageni. Gari mkodishe mkiwa jozi mbili au tatu, gharama igawanyike. Ila kuna jambo nataka uliwaze kwanza. Kama mwenzako ni binti wa Sagalla, au amekulia pembezoni mwa Mwatate, ambako ndovu wamekesha usiku kucha wakila mahindi ya mama yake, usimpeleke kuwatazama ndovu ukidhani ni mapenzi. Huyo mletee asali. Wapo wakulima Sagalla waliozungushia mashamba yao ua wa mizinga ya nyuki, kwa sababu ndovu anaogopa nyuki, na asali ya mizinga hiyo ni tamu mara mbili kwa mtu anayejua ilichozuia.

Nimesema kuna kitu kidogo cha mfukoni. Kwa anayetoka Mombasa, mimi napendekeza leso. Aende Mtaa wa Biashara, atafute hata chapa ya Mali ya Abdulla, duka la tangu 1887, na achukue muda wake. Asome jina kabla ya kulipa! Leso nyingine zimeandikwa maneno ya kumsuta jirani, nyingine za kumrushia mke mwenza, na muuzaji hatakuuliza unamnunulia nani. Mwanamume amewahi kubeba maneno ya talaka akidhani ni maua mazuri ya samawati. Akishapata jina lililotulia, aikatishe na kuipinda hukohuko kwa fundi, ili mwenyewe akiipokea ajifunge siku hiyohiyo. Leso isiyopindwa ni kazi nyingine umempelekea.

Na wewe mama uliye Mombasa au Nairobi, ambaye mume ndiye yuko nyumbani na ng'ombe, usidhani nimekusahau. Yote haya ni yako pia. Wanaume wetu huulizwa mara chache wangependa nini, na wakiulizwa hujibu "niko sawa tu." Mwulize mara ya pili. Pengine anataka siku moja asitajiwe karo.

Vito je? Tunavyo. Lile jiwe la kijani linaloitwa tsavoraiti lilipatikana kwetu Taita Taveta mwanzoni mwa miaka ya 1970 na mwanajiolojia Campbell Bridges, ambaye alikuwa ameliona kwanza Tanzania mwaka 1967, na duka la Tiffany la New York likalipa jina la Tsavo mwaka 1974. Linapendeza kwenye pete. Lakini usinunue jiwe la steji kutoka kwa mtu mwenye bahasha ya karatasi na haraka. Vipande vya chupa ya soda vina kijani chake.

Nirudi kwenye maua, maana nimelionea waridi. Kuna ua dogo la zambarau ambalo Ulaya na Marekani limejaa kwenye madirisha, kila duka la maua linaliuza kwenye kopo. Asili yake ni huku kwetu Afrika Mashariki. Mjerumani mmoja, Walter von Saint Paul-Illaire, alilikuta Usambara miaka ya 1890, akalipeleka kwao, na mwaka 1893 wataalamu wakaliandika kwa jina lake. Na moja ya jamaa zake inamea porini Taita tu, kwenye msitu wa Mbololo, ng'ambo ya bonde. Watu wa Ulaya wanapeana jamaa ya ua la Mbololo siku ya wapendanao, nasi tunasubiri waridi la Naivasha! Lakini tafadhali, kijana, usije ukasikia hivi ukachukua panga kwenda kuling'oa. Limebaki haba mno, na msitu wenyewe ni mdogo. Mpeleke mwenzako mkalitazame mkiwa na mtu anayeijua njia, mliache palepale.

Sasa kuna ambao nauli haiwezi kuwaleta. Aliye Riyadh hana ruhusa ya kupanda matatu ya Wundanyi. Kwenu ninyi, zamani redio ilikuwa na dawa yake: kadi za salamu. Kabla VoK haijageuzwa kuwa KBC mwaka 1989, na hata baada yake, mtu aliandika kadi yake, akataja majina, akaomba wimbo, akangoja wiki kadhaa, na siku ikisomwa kijiji kizima kilijua kwamba fulani wa Mombasa hajamsahau fulani wa Mwanda. Siku hizi ujumbe unafika kabla hujamaliza kuufikiria, na ndiyo maana hauna uzito. Rekodi sauti yako dakika tano. Mweleze mwenzako chumba unacholala kikoje, chakula unachokula, unachokikumbuka zaidi kwake. Usitaje pesa hata mara moja. Fundi wa simu hapo Wundanyi ataihifadhi kwenye kadi ya kumbukumbu, mwenzako asije akaipoteza simu ikianguka kisimani. Na umwombe naye akurekodie: jogoo, watoto, mvua kwenye mabati ikinyesha. Huko jangwani hutasikia mvua ya mabati.

Vijana ambao hamjaoana nanyi mna neno lenu, fupi. Msikope. Mikopo ya simu ni rahisi kuipata saa moja usiku wa tarehe 13 na ni migumu kuilipa mwezi wa tatu. Na ikiwa mpenzi wako anakupima kwa shada la noti zilizokunjwa kama petali, mwache apate wa kumkunjia.

Muda wangu unayoyoma, fundi mitambo ananionyesha saa. Nimalizie kwa kazi ya leo usiku, msikilizaji. Kipindi kikiisha, mpigie simu yule aliye mbali, au mgeukie aliye karibu nawe hapo kwenye moto, umwulize lile swali la kazi ambayo hangetaka kuigusa. Andika jibu lake mahali. Kisha Jumatatu asubuhi, kabla ya kitu kingine chochote, nenda ukaombe ruhusa kazini. Usiku mwema.